Jengo la zamani la matofali: maji ya presha, kemikali au kupuliza mchanga?

GhorofaTatu
Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Tuna jengo la zamani la matofali ya kuchoma, ghorofa tatu, limekaa barabarani kabisa katikati ya mji. Limekuwa jeusi. Kampuni tatu zimeleta mapendekezo: moja maji ya presha, moja kemikali, moja kupuliza mchanga. Wa mchanga anaahidi siku nne tu na tofali lirudi kama jipya. Wenye jengo tunakutana Ijumaa kuamua. Nyie mngechukua ipi?

Mwashi
Hujatupa pa kushika. Jengo la mwaka gani? Weusi wenyewe ni masizi, kuvu, au rangi iliyochakaa? Jointi za kati ya matofali ni za chokaa au saruji? Na tofali ukilipapasa ni gumu lenye uso wa kuteleza, au linaacha vumbi mkononi? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha na jengo la watu.

Nyundo77
Presha, usijiumize kichwa. Nimeosha nayo ukuta wa uzio wetu wote, uchafu unaona kabisa unateremka. Hakuna dawa, hakuna vumbi.

Bawaba
@Nyundo77 uzio wako una umri gani? Mashine hizo za kawaida zinatema psi (kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) 2,000 hadi 3,000. Mwongozo wa Huduma ya Hifadhi za Taifa ya Marekani kwa majengo ya kale unasema anza na psi 100 au chini ya hapo, hata mpira wa bustani unatosha, ukipandisha usizidi psi 300 hadi 400. Jointi ya chokaa ukiipiga kwa 3,000 inachimbika, na maji yanaingia ukutani yasijue pa kutokea.

Nyundo77
Namba peke yake haisemi kitu. Pua pana na umbali wa kutosha vinapunguza makali. Anayeharibu ni fundi anayesogeza pua mpaka inagusa tofali.

Tarishi
GhorofaTatu, tafadhali soma hii mpaka mwisho kabla ya Ijumaa.

Nyumba aliyotuachia babu ilikuwa na weusi kama huo wenu. Tukachukua watu wa kupuliza mchanga, kwa sababu hiyo hiyo ya haraka. Siku wanashusha viunzi tulisimama ng'ambo ya barabara tukaitazama, nyekundu tupu, jirani anatupa hongera. Mama alilia kwa furaha.

Mvua za kwanza zikapita salama. Za pili, chumba cha nyuma kikaanza kunuka unyevu na plasta ya ndani ikavimba. Nikatoka nje kuangalia ukuta. Ukipitisha kidole juu ya tofali, kinatoka chekundu kama umechovya kwenye unga wa matofali. Kwenye kingo za madirisha vumbi limejaa, unafagia asubuhi, jioni limerudi. Mwaka wa tatu nyuso za matofali zikaanza kubanduka magamba, nyingine unazikuta chini nzima nzima.

Mwashi mmoja mzee ndiye aliyetueleza. Tofali la zamani likichomwa tanuruni linapata ngozi ngumu kwa nje, ndani linabaki laini na lenye vitundu vingi. Mchanga unaondoa uchafu pamoja na ngozi. Ngozi hairudi. Tulipiga simu kwa waliofanya kazi, wakasema matofali yetu yalikuwa mabovu tangu mwanzo. Hadi leo tunabadilisha tofali moja moja, na ukuta una madoa madoa kwa sababu mapya hayalingani na ya zamani.

Mwashi
Asante @Tarishi. Na anayeshika bomba la mchanga naye yuko hatarini: vumbi la silika likiingia mapafuni linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Wapita njia pia wanalivuta.

Kibatari
Basi kemikali. Kwa masizi ya miaka mingi hakuna kinachoshinda dawa sahihi, maji matupu yanateleza juu yake. Sharti ni ukuta uloweshwe kwanza ili usinywe dawa, kisha usuuzwe mpaka karatasi ya litmasi ionyeshe asidi imekwisha.

Bawaba
Dawa gani lakini? Asidi ya hidrokloriki inakula chokaa ya jointi na kuacha chumvi ndani, baadaye unaona unga mweupe umechanua ukutani. Na dawa nyingi za matofali zina hidrofloriki. Hiyo inatia ukungu vioo vya madirisha, na ikigusa ngozi inaweza kupenya bila maumivu ya mwanzo mpaka mfupa. GhorofaTatu, uliza jina la dawa na upewe karatasi yake ya usalama.

Kibatari
Nimesema dawa sahihi, sikusema asidi yoyote. Kuna za alkali pia.

Bawaba
Nazo zikibaki ukutani zinaacha chumvi zile zile. Mvuke je, mbona hakuna aliyeupendekeza? Maji machache, moto wa nyuzi 100 na zaidi, presha ndogo. Kwa kuvu na rangi ya zamani unafanya kazi nzuri sana.

GhorofaTatu
Samahani kwa kuchelewa. Bamba la mlangoni linasema 1926. Weusi uko sehemu mbili: chini ya upenu ambako mvua haifiki, na mstari mrefu chini ya gata, huo una ukijani. Jointi nimekwaruza kwa ufunguo, za ghorofa za juu umetoka unga mweupe. Ghorofa ya chini ni ngumu, ya kijivu, ufunguo haukuingia.

Mwashi
Sasa tunaongea. Chini ya upenu ni masizi. Ule wa kijani ni kuvu na mwani, na gata linavuja, litengenezwe kwanza. Ukisafisha kabla ya hapo utarudia kazi. Huko chini mtu alijaza saruji. Matofali ya hapo yamebanduka?

GhorofaTatu
Ndiyo, mengi. Tulidhani ni magari.

Mwashi
Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu unakosa njia kwenye jointi, unatokea kwenye tofali na kulivunja uso. Afadhali fedha ianzie hapo kuliko kwenye weusi.

Nyundo77
Kwa hiyo jengo libaki jeusi? Mbona tusipake dawa ya kuzuia maji juu, shida zote ziishe?

Tarishi
Sisi tulipaka. Unyevu ulifungiwa ndani, ikawa mbaya zaidi.

GhorofaTatu
Mweka hazina wetu bado anataka mchanga. Nitamwonyesha haya. Kipande cha majaribio nikiombe wapi?

Mwashi
Ukuta wa nyuma, kwenye masizi na kwenye kuvu, kila njia kipande chake. Kisha kikauke kabisa ndipo uhukumu, tofali lenye maji linadanganya macho.

Kibatari
Kwa Ijumaa hatawahi.

Mwashi
Basi mkutano usogezwe.

Tarishi
@GhorofaTatu huyo wa mchanga amekuonyesha jengo alilosafisha miaka mitano iliyopita?

GhorofaTatu
Ametuonyesha picha za siku ya kumaliza tu. Nampigia sasa hivi.

Upepo
Naomba niulize hapa hapa. Letu ni matofali pia ila kingo za madirisha ni za marumaru. Dawa ya kwenye tofali ikiteremkia huko?

Bawaba
Kama ni asidi itaila. Piga picha ya hizo kingo kwa karibu uweke hapa, na useme jengo ni la mwaka gani.