Naomba ushauri: nitajuaje kama litografia hii (picha iliyochorwa kwa chaki juu ya jiwe kisha ikachapwa) ya mchoraji Napoleon Orda ni ya enzi zake?

Wakuu, habari zenu. Nipo Poland kimasomo, na kwenye soko la vitu vya kale nimeokota picha ya mji wa Krzemieniec, ambao leo uko Ukraine. Chini kuna jina la Orda aliyechora na la Fajans, mchapaji wa Warszawa.

Huyu Orda (1807–1883) alipigana kwenye uasi wa Wapolandi wa 1830 dhidi ya Urusi. Uliposhindwa akaishia Paris, na huko mwanamuziki maarufu Chopin mwenyewe akamfundisha piano. Uzeeni akazunguka akichora makasri na makanisa, na michoro 260 ikachapwa kwa mawe kuanzia 1873. Poland yenyewe wakati huo haikuwepo hata kwenye ramani!

Shida ni kwamba nakala za kisasa nazo zipo. Kwa lenzi naona chembechembe za chaki zisizo na mpangilio, siyo vidoti vilivyojipanga vya ofseti (uchapaji wa mashine za kisasa). Je, hiyo inatosha? Karatasi ina madoa ya kahawia, tena mtu aliibandika kwa gundi kwenye kadibodi (sijui aliwaza nini). Niibandue au niiache hivyo hivyo? Na nikirudi nayo Bongo, uwanja wa ndege huku watanidai kibali?