Naombeni ushauri: shanta la kijana wa miaka 13 lisizidi kilo ngapi kwa safari ya siku 6?

MleziWaVijana
Wakuu, habari za muda huu. Nalea kikundi cha vijana 14, mdogo ana miaka 13, mkubwa 17. Mwisho wa mwezi tunatoka kwa miguu, siku 6, kilomita 82, kila kitu mgongoni: hema, chakula, sufuria, maji. Njia ni ya vilima, na siku ya tatu ina mita 900 za kupanda. Swali langu ni moja tu, mizigo. Kila mmoja abebe kilo ngapi? Sipati usingizi kwa ajili ya jambo hili. Juzi niliamka saa nane usiku, nikatandaza vifaa vyote sakafuni, nikaanza kupima kimoja kimoja hadi kunakucha. Mengine nimeshayapanga, nisaidieni hilo la mizigo.

KobeMwendo
Mkuu, robo ya uzito wa mwili ndiyo dari, na kwa mtoto wa miaka 13 mimi nisingeigusa hiyo dari. Mwenye kilo 40 dari yake ni 10, maji yakiwemo. Ukiweza kumshusha hadi 8, mshushe. Lita 1 ya maji ni kilo 1, watu wanapima shanta likiwa kavu halafu wanashangaa asubuhi ya kuondoka. Vizito vikae katikati ya begi, karibu na uti wa mgongo. Mkanda wa kiunoni ufungwe kwanza, ya mabegani baadaye, mzigo ukalie nyonga. Hema ligawanywe: huyu turubai, yule nguzo na vigingi.

BabuWaKambi
Mzigo unahangaikia bure kama viatu hujavikagua. Mimi safari yangu ya kwanza nikiwa kijana nilikwenda na buti mpya, zinang'aa, nimezitoa kwenye boksi usiku ule ule. Kufika mchana nasikia joto kisigino cha kulia. Nikanyamaza, nikaona aibu kusimamisha watu kumi kwa ajili ya kisigino. Jioni navua soksi na ngozi inakuja nayo. Siku mbili zilizobaki nilitembea nimekanyaga nyuma ya buti kama kandambili. Kwa hiyo wafundishe hivi: ukisikia joto mguuni, sema papo hapo, msafara usimame, plasta ibandikwe kabla lengelenge halijaota. Na asiruhusiwe kuondoka mwenye kiatu ambacho hajakitembelea walau wiki tatu.

MamaWawili
Mimi nasema hongera kwanza kwa kuwatoa vijana ndani. Wangu wawili simu haiwatoki mkononi, ukiwatuma dukani wanaona umewaonea. Wazazi tumewadekeza wenyewe halafu tunalalamika hawana stamina. Wabebe tu, wataizoea mizigo.

Nyayo
MamaWawili, mtoto wa kilo 40 haizoei kilo 15 kwa siku 6, anaumia mgongo na magoti tu. Mleta mada, umepiga hesabu ya muda? Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo siku ya tatu kama ni kilomita 15, ni saa 3 za mwendo na saa 1 na nusu za kupanda, na hapo anahesabiwa mtu mzima mkakamavu asiyepumzika. Kikundi chenye watoto mimi huzidisha mara mbili, inakuwa saa 9. Mwanga wa jua unawatosha?

NesiMstaafu
Nimesoma mpaka hapa, naona kuna kitu hakijasemwa. Watu wazima mko wangapi? Na fomu za afya za hao 14 unazo? Nani ana pumu, nani ana kifafa, nani anatumia dawa za kila siku?

MleziWaVijana
Asanteni sana, nimeandika yote. Nyayo, siku hiyo tutaondoka alfajiri. Dada Nesi, fomu zote ninazo, wawili wana pumu na pampu zao wanatembea nazo mfukoni, siyo ndani ya begi. Watu wazima tupo wa kutosha. Turudi kwenye mizigo: sufuria mbili kwa watu 14 zinatosha?

NesiMstaafu
"Wa kutosha" si idadi, mwanangu. Nimekuuliza wangapi.

KobeMwendo
Hata mimi nasubiri hilo jibu. Funguka.

MleziWaVijana
Sawa. Tulikuwa watatu. Mmoja kazini kwake wamemnyima ruhusa, mwingine anauguliwa na mama yake, hawezi kuondoka. Nimebaki mimi. Wazazi walisaini kwenye karatasi inayosema watu wazima watatu na sijawarudia. Vijana wamejiandaa miezi mitano. Wameweka akiba kidogo kidogo, wamefanya mazoezi kila Jumamosi, kuna mmoja alikuwa hajawahi kulala nje ya kwao hata siku moja. Nitawaambiaje? Yule wa miaka 17 ni mtu mzima kabisa kiakili, ramani na dira anazisoma kuliko mimi, nimeshamwambia awe msaidizi wangu. Na hili tumelijaribu. Safari ya majaribio nilikuwa mwenyewe, kijana mmoja akazidiwa na baridi, na tukamaliza salama.

BabuWaKambi
Ngoja. Akazidiwa na baridi vipi?

MleziWaVijana
Tulinyeshewa karibu saa mbili. Alikuwa na fulana na suruali za pamba, zikaloa chapachapa. Alikuwa anatetemeka, nikasema tukitembea atapata joto. Kwenye kituo cha mapumziko nikamwona anahangaika na kifungo cha mkanda wa kiunoni, vidole havishiki, anakiangalia tu kama kitu asichokijua. Nikamuuliza jina la rafiki aliyekuwa mbele yake, ulimi ukawa mzito, hakumaliza jina. Na kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Nikafurahi, nikajua ameshapata nafuu! Ni yule wa miaka 17 aliyesema hapana, hii ndiyo mbaya. Tukasimamisha hema palepale, tukamvua nguo mbichi, tukamtia kwenye mfuko wa kulalia juu ya mashanta, maana chini ardhi inavuta joto. Nikakaa naye. Wenzake kumi wakashuka na msaidizi wangu hadi barabarani, mwendo wa saa nzima. Jioni alikuwa anacheka. Ndiyo maana nasema huyu kijana anaweza.

JichoPevu
Wadau, mnahangaika na chai. Mwanzoni vijana 14, sasa ni mmoja na "wenzake kumi", jumla 11. Mwanzoni swali ni kilo, ghafla tuna mgonjwa kwenye hema na shujaa wa miaka 17. Kesho atakuja na sehemu ya pili, wamekutana na chui. Mtu kama huyu hawezi kuwa anajua "ardhi inavuta joto" halafu asijue shanta lina kilo ngapi.

Mpitanjia
Chai yenyewe ina tangawizi. Mimi nimekaa, nasubiri chui.

MamaWawili
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mzazi gani anaambiwa mtoto wake alikaribia kufa na baridi halafu anamrudisha kikundini?

MleziWaVijana
Waliojiandikisha ni 14, siku ya majaribio walikuja 11. Kuhusu ardhi, siku ile sikujua, ni yeye kijana aliyenielekeza, nami nimejifunza hapo. MamaWawili, mzazi hakuambiwa. Kijana mwenyewe aliniomba nisiseme kwa sababu angekatazwa safari. Nikamkubalia. Hilo ndilo linaloniamsha saa nane, kama mnataka kujua. Siyo sufuria.

BabuWaKambi
JichoPevu, mimi namwamini, na nitakwambia kwa nini. Mtunzi angesema kijana alitetemeka hadi akaanguka. Huyu kasema kutetemeka kulikwisha na yeye akafurahi. Nami nilifurahi hivyo hivyo siku moja, miaka mingi iliyopita, nikiwa na mwenzangu mtu mzima. Alinyamaza, akakaa juu ya jiwe, akaanza kufungua vifungo vya koti anasema anasikia joto. Nikaona afadhali. Aliyenishtua ni mzee tuliyekuwa naye nyuma. Sijawahi kuandika habari hii mahali popote.

NesiMstaafu
Chai au si chai, nitajibu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu anaanza na mtetemo, vidole vinakuwa vizito, ulimi unateleza, akili inapotea njia. Mtetemo ukikoma na bado ana baridi, mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha, hapo ndipo hatari inapozidi. Mlichofanya cha hema, nguo kavu na kumwinua kutoka ardhini ni sahihi. Msimsugue mikono na miguu, na cha kunywa chenye moto na sukari apewe akiwa tu na akili timamu na anameza vizuri. Nguo za pamba ziachwe nyumbani, zikilowa hazitunzi joto. Sufu au zile nyepesi zinazokauka haraka.

Sasa mwanangu, jitazame mwenyewe siku ile. Ulipokaa hemani na mmoja, kumi walikuwa na mtoto mwenzao. Angevunjika mguu mmoja wa wale kumi, ungekwenda kwa nani? Kumaliza salama hakukuonyesha kwamba mtu mmoja anatosha. Kumeonyesha kwamba siku hiyo ulihitaji watu wazima wawili palepale.

KobeMwendo
Kipimo tunachotumia njia za mbali: akiumia mtu, mmoja abaki naye, wawili waende kutafuta msaada, asitumwe mtu peke yake. Hesabu hiyo ni ya watu wanne bila kuwagusa watoto wengine 13 wanaohitaji kuangaliwa. Mkubwa mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa akifunga msafara. Wewe utakuwa wapi, mbele au nyuma?

MleziWaVijana
Katikati, nilifikiria hivyo. Lakini ni siku 6 tu, na njia ina alama. Na nikiahirisha, wa miaka 17 anamaliza shule, hatakuwepo tena.

NesiMstaafu
Huyo huyo kijana umempa mzigo ambao hujaupima kwenye mizani yako. Anza na mzazi wa yule mwingine. Leo, kabla hujaandika tena hapa.

Nyayo
Na wafundishe wote filimbi: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu anapiga 3. Filimbi ikae shingoni, siyo begini. Maji ya mtoni yachemke dakika 1 kamili, juu ya mita 2,000 yachemke dakika 3. Najua hujauliza.

JichoPevu
Mimi nimesema ninachokiona. Akileta mrejesho nitaomba radhi.

*(siku nne baadaye)*

MleziWaVijana
Mrejesho. Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana, sikupiga simu. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akaenda kuleta fulana ile ya pamba, akaniuliza ni hii? Nikasema ndiyo. Alinigombeza mbele ya mtoto na sikuwa na jibu. Halafu wazazi wote nimewaita, nimewaeleza kwamba nimebaki peke yangu. Wawili wamewatoa watoto wao. Baba wa mmoja, ametembea njia hizo ujana wake, amekubali kuja siku zote 6, na yule mwenzangu aliyenyimwa ruhusa ameipata kwa mwezi ujao. Tumesogeza tarehe wiki tano mbele na tumekata siku mbili, sasa ni siku 4 na kilomita 50. Wa miaka 17 aliposikia haongozi tena alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema usiku ule hakulala. Sikuwa nimemuuliza.

JichoPevu
Radhi, dada. Kama ni dada.

MleziWaVijana
Ni dada. Usijali. Bado nina lile swali langu la kwanza. Leo nimewapima: kijana anapanda mizani bila begi, kisha na begi, natoa. Mdogo kuliko wote ana kilo 38, shanta lake kilo 11 na nusu, na maji bado.

KobeMwendo
Zito. Litandaze lote sakafuni ulipige picha, tuone cha kutoa.