Kamera ya retina imenunuliwa bila kutuuliza sisi tunaoitumia, wagonjwa wanarudi nyumbani bila kupimwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Mimi ni muuguzi kliniki ya kisukari, hospitali siitaji. Mwaka jana tuliletewa kamera ya kupiga picha ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, tukafurahi kweli. Mgonjwa wa kisukari anatakiwa aangaliwe nyuma ya jicho angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye aina ya pili aanze kuangaliwa pale tu anapogundulika, kwa sababu retina inaharibika kimya kimya. Akija kulalamika haoni, mara nyingi tumeshachelewa. Daktari wa macho kwetu anakuja kwa ratiba. Tukipiga picha sisi, yeye kazi yake ni kuzisoma.

Leo kamera imefunikwa shuka pembeni.

Ni ya kulenga kwa mkono. Unasukuma kijiti mbele, nyuma, kushoto, kulia, unazungusha fokasi, unatafuta vinukta vya mwanga vikae sawa, ndipo ubonyeze. Ukichelewa kidogo mgonjwa kashapepesa. Mwanga ukimpiga mboni inasinyaa, mnakaa gizani mkisubiri ipanuke ndipo mhamie jicho la pili. Aliyefundishwa alikuwa mmoja, siku moja, na ameshahamishwa kituo. Mwezi wa tatu nilimpokea bibi mmoja aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi. Nilipiga mara saba. Picha zote nyeusi pembeni, hakuna hata moja ya kusomeka. Nikamwambia, "Bibi, urudi mwezi ujao." Mpaka leo hajarudi, na mimi namuwaza.

Kinachoniuma ni kwamba kamera nyepesi kutumia zipo. Unamwekea mgonjwa kidevu mahali pake, inajilenga, inatafuta fokasi na kupiga yenyewe. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu IDx-DR, mfumo wa kompyuta unaosoma picha bila daktari wa macho. Kwenye majaribio yake wapigaji picha walikuwa watu wasiowahi kushika kamera ya retina, wakafundishwa saa nne tu. Saa nne! Sisi tumepewa mashine ya kumhangaisha hata mzoefu.

Na hili la "haihitaji matone" (yale ya kupanua mboni) kwenye vipeperushi, someni maandishi madogo. Nyingi zinataka mboni ya milimita 4 hivi, nyingine zinashuka hadi 3.3 hivi. Wazee wetu wa kisukari wana mboni ndogo, wengine na mtoto wa jicho juu yake, na chumba tulichopewa dirisha halina pazia! Thailand wauguzi walipoanza kutumia mfumo wa Google wa kusoma picha za retina, ripoti ya 2020 ilionyesha asilimia 21 ya picha 1,838 zilikataliwa, na mwanga wa vyumba ulikuwa sehemu ya tatizo. Hili lilishajulikana. Kamati ya manunuzi ilishindwa nini kuuliza?

Ingemwambia mzabuni alete kamera kwenye chumba chetu, siyo ukumbi wa mikutano. Ampe muuguzi asiyewahi kuiona, amkalishe mzee wa miaka 65 badala ya kijana wa ofisini, halafu zihesabiwe picha zinazosomeka. Asubuhi moja ingetosha. Wangeuliza pia kuhusu leseni ya programu, maana yetu imeisha na hata zile picha chache nzuri hatuwezi kuzitoa kumtumia daktari.

Nimemwandikia mganga mfawidhi barua mbili. Jibu: "kifaa kilishapokelewa na kukaguliwa." Kilikaguliwa na nani, kwa jicho la mgonjwa gani?

Wauguzi na matabibu wa macho mnaotumia zile zinazojilenga, au zile ndogo za kushika mkononi, nisaidieni. Kati ya wagonjwa kumi, wangapi mnapata picha ya kusomeka bila matone? Na mlijifunza kwa muda gani? Andikeni hapa na aina ya kamera. Barua ya tatu naipeleka Jumatatu, nataka niambatanishe majibu yenu.