Programu na magemu kwa bei ya dola: Mtanzania kulipa sawa na Mmarekani ni haki kweli?

Wakuu habari za muda huu, hili suala nimelibeba muda mrefu naomba tulijadili bila matusi maana najua humu kuna watu wa IT, wahasibu, madizaina, wacheza gemu na watu wa biashara, kila mtu limemgusa kwa namna yake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini. Kampuni ichague moja. Kama imeigawa dunia vipande vipande, kwamba mimi niliyeko Tanzania siruhusiwi kununua kwa bei ya India, basi bei ya kipande changu iendane na kipato cha huku. Kama haitaki kushusha, iondoe mipaka kila mtu anunue anapoona panamfaa. Kinachoniuma ni kwamba wenzetu wanachukua vyote viwili, mipaka wameweka na bei ya Marekani wanatupiga nayo hiyo hiyo.

Tuchukue Photoshop, ile programu ya kuhariri picha. Marekani ukiilipia peke yake kwa mkataba wa mwaka ni kama dola 23 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya kule ni dola 7.25 kwa saa, kiko hapo hapo tangu 2009, maana yake hata yule wa chini kabisa anaimaliza hiyo dola 23 kwa masaa matatu na dakika kadhaa. Huku kwetu kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda 2025 kutoka 370,000 kwenda 500,000. Dola 23 ukiipigia kwa 2,500 ni 57,500, hapo bado VAT. Mtumishi wa kima cha chini anafanya kazi siku mbili na nusu kwa kitu ambacho mwenzake anakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Na huyo ana ajira, sijamgusa kijana anayetengeneza kadi za harusi na mabango ya misiba pale steshenari, ambaye wiki ikiwa mbaya haingizi kitu.

Kwa mainjinia na wasanifu majengo ndo balaa lenyewe. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo, kwa bei ya Marekani ni takriban dola 2,000 kwa mwaka, yani kama milioni 5. Ukiwa mwanafunzi unapewa bure, na hapo nawapongeza kabisa, chuo kizima mnafundishwa nayo miaka yote mpaka vidole vinajua komandi zenyewe. Ukimaliza tu, ile leseni ya mwanafunzi haikuruhusu tena kufanyia kazi ya kulipwa, na mteja anataka faili la DWG, yani la AutoCAD yenyewe. Sasa mhitimu wa juzi asiye na ofisi hiyo milioni 5 anaitoa wapi?

Anaenda kwa fundi, hilo wote tunalijua. Ukienda kupigiwa window Kariakoo au mtaani kwako fundi ana diski yake ya nje, mafolda yamepangwa vizuri, Office, Photoshop, Premiere, AutoCAD, anakuuliza unataka na zipi. Kabla hajaanza anazima antivairasi kwanza, kwasababu ikiwa hai inalipiga stopu lile faili la kukraki, yani la kuifungua programu bila leseni. Wengi hatujiulizi kwanini ilikuwa inalipiga stopu. Halafu kwenye kompyuta hiyo hiyo ndo kuna barua pepe ya ofisi, kuna taarifa za benki na picha za watoto. Ripoti ya BSA, ambao ni umoja wa makampuni ya programu, kwa mwaka 2017 ilikadiria Kenya asilimia 74 ya programu zilizofungwa kwenye kompyuta hazina leseni, Marekani asilimia 15. Watasema Waafrika wezi. Mi nasema pale ambapo karibu robo tatu ya programu hazilipiwi, hiyo bei haijawahi kuwa ya hapo.

Kwenye magemu ni hivyo hivyo. Steam, lile duka la magemu ya kompyuta mtandaoni, kwa Afrika kusini mwa Sahara wana rand ya Afrika Kusini, basi. Mtanzania, Mkenya, Mganda wote tunaonyeshwa dola, bei ya mtu wa Texas. Na mtu asiniambie haiwezekani kushusha, mwaka 2023 Netflix walishusha bei nchi zaidi ya 30 zikiwemo za Afrika, Kenya ikiwemo, na hawakufa, wanaonyesha filamu mpaka leo. Walipiga hesabu wakaona wengi wanaolipa kidogo ni hela kuliko wachache wanaolipa kingi. Kunakili programu mara milioni moja zaidi gharama yake ni ndogo mno, hii sio saruji kwamba kila mfuko una gharama ya kiwanda na lori.

Haya karibuni.

---

Nimesoma majibu, nianze na mkuu aliyesema "unajichanganya, Waaustralia walilalamika kutozwa bei tofauti, na wewe unalalamika kutozwa bei sawa, mnataka nini hasa?" Hili ndo swali zuri kuliko yote humu.

Kwa ambao hawajui hiyo stori, Australia walikuwa wanauziwa programu ghali kuliko Marekani ilhali kipato hakijapishana sana na kitu chenyewe kinashushwa tu kwenye intaneti. Kile kifurushi cha programu za Adobe (wenye Photoshop), CS6 Master Collection, Marekani ilikuwa dola 2,599, kule dola 4,334 za kwao, na wakati huo dola yao ilikuwa inalingana na ya Marekani au imeizidi kidogo. Watu wakapiga hesabu wakaona ni nafuu kupanda ndege mpaka Marekani, kununua na kurudi. Bunge lao likaunda kamati, na Apple, Microsoft na Adobe wakaitwa kwa hati wakakae mbele ya wabunge mwezi wa tatu 2013 waulizwe. Angalia sasa kilichotokea, Adobe walipopata wito tu, hata kikao hakijafika, bei ya Creative Cloud, yani programu zao za kulipia kwa mwezi, kule ikashuka kutoka dola 62.99 kwenda 49.99 kwa mwezi. Sababu zote walizokuwa wanatoa kila siku, mara gharama za kuendesha biashara, mara soko dogo, bei ikashuka bila hizo sababu kwenda popote.

Kwahiyo mkuu sijichanganyi. Aliyeko Sydney na sisi wa Dodoma tunalia na kitu kimoja, bei inapangwa kwa kuangalia huyu mtu atavumilia mpaka wapi na hana pa kukimbilia, halafu hakuna anayewauliza. Yeye alizidishiwa kwasababu anacho. Sisi hatukupigiwa hata hesabu, tumewekwa kwenye fungu la dola pamoja na matajiri. Na ndio, natetea bei tofauti kwa nchi tofauti, sioni aibu kulisema, ila ishuke kwa mwenye kipato kidogo na sababu zake ziwe hadharani.

Mwingine kasema suluhisho ni VPN, ile programu ya kuficha ulipo mtandaoni, ujifanye upo Uturuki. Mkuu hiyo njia ndo imetuharibia. Argentina na Uturuki zilikuwa na bei za chini Steam, watu wa nchi tajiri wakawa wanahamishia akaunti huko kimagumashi, na sarafu zenyewe zinaporomoka kila leo, mwezi wa 11 mwaka 2023 Steam wakafuta peso na lira wakaweka dola. Aliyeumia ni kijana wa Ankara na wa Buenos Aires, aliyeko Ujerumani karudi kulipa bei yake ya kawaida tu. Ukiachia hilo, huku kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatoa tangazo mwezi wa 10 mwaka 2023 kwamba mtumiaji wa VPN atoe taarifa kwao, na akaunti ukikamatwa inaweza kufungwa na vyote ulivyonunua. Siwezi kumshauri mtu ajenge ofisi yake juu ya hilo.

Ila hoja ya kuvuja ina ukweli na sitaikwepa. Mmiliki akiuza bei ya chini huku, bidhaa inavuja kwenda nchi za bei ya juu. Kwenye vitabu ilitokea kweli, mwanafunzi Mthailand anaitwa Supap Kirtsaeng alikuwa anasoma Marekani, ndugu zake wanamnunulia Thailand vitabu vya chuo toleo la bei rahisi, yeye anauza Marekani, mchapishaji akamshtaki, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi yule kijana, majaji 6 kwa 3. Kitabu ukishanunua ni chako. Programu hununui, unapewa ruhusa ya kutumia tu, na ruhusa wanaifunga kwa nchi, kwa kadi, kwa namba ya simu. Yani nyenzo za kuzuia kuvuja wanazo kuliko muuza vitabu. Basi wazitumie kutupa bei yetu. Wakizitumia kugawa masoko ndani ya Umoja wa Ulaya, huko wanaadhibiwa, mwezi wa kwanza 2021 Kamisheni ya Ulaya iliwapiga Valve, wenye Steam, pamoja na makampuni matano ya magemu faini ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia watu wa nchi moja ya Umoja kutumia gemu lililonunuliwa kwa bei rahisi nchi nyingine.

Kuhusu wale mnaosema "kodi zetu ndo tatizo, acheni kusingizia wazungu", nakubali nusu. VAT ya kawaida asilimia 18 ipo, na tangu 2022 kuna kodi ya huduma za kidijitali asilimia 2 ambayo wanasema ni ya kampuni, mwisho wa siku inamwangukia nani mnajua. Lakini kumbukeni simujanja. Bajeti ya 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simujanja, vishikwambi na modemu ili bei zishuke, mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, maana mlaji wa mwisho hakuuona. Nani aliona bei imeshuka pale Msimbazi? Serikali iliacha hela yake na ile tofauti ikaishia njiani, kwa waagizaji au kwa wauzaji sijui, ila kwangu haikufika. Ndo maana ukinambia tupunguze kodi tu, nauliza nani atasimamia punguzo lifike.

Na mnaopendekeza programu za bure kama LibreOffice, GIMP na Blender nawaheshimu, natumia mwenyewe. Barua, mahesabu ya duka, vijana wa kidato cha nne, hawahitaji kulipia chochote na shule zetu zingeanzia huko jana. Tatizo ni mteja akikutumia faili lake la Adobe Illustrator lenye leya 40 anataka marekebisho saa hiyo hiyo, huwezi kumwambia asubiri.

Tufanye nini? Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa sheria ya 2003, ina uwezo wa kuuliza maswali. Tanzania peke yetu pengine watatuona wadogo, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8 na watu zaidi ya milioni 300, na sheria yake ya ushindani ipo tangu 2006. Hao wakiita kampuni moja tu ije ieleze kwanini Afrika Kusini ina bei yake na sisi hatuna, mi naamini tutaona yale ya Australia.

Ila hatuwezi kwenda mikono mitupu. Naomba kila anayepita hapa aandike vitu vitatu: jina la programu au gemu, nchi uliyopo, na bei uliyoiona mwisho kabisa kabla hujabonyeza kulipa, useme kama kodi imo ndani. Walioko Nairobi, Kampala, Kigali, Goma na mlioko Muscat na Ulaya pia tunawahitaji sana, tulinganishe kitu kimoja siku moja. Nitaziweka zote kwenye jedwali moja na nitaliweka hapa hapa.