Luger P08 yenye 1920 juu ya 1917: je, inaweza kuwa ya mapigano ya Tanga?

Mkwakwani_T:
Wakuu, naomba macho yenu. Kuna bastola ya Kijerumani, Luger P08, hapa Tanga mjini, ina leseni, sasa mirathi inagawanywa na warithi wanataka ithaminiwe. Karatasi ya familia inasema iliokotwa baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Mnunuzi anasema kama hilo ni kweli, ataongeza bei.

Nilichokiona: juu ya goti (kiungo cha juu kinachokunjika) kuna herufi DWM, za kiwanda cha Kijerumani, zilizosukwa pamoja. Juu ya chemba kuna 1917, na juu ya hiyo 1920. Mtutu sentimita 10. Namba ya mbele ya fremu inaishia 43, chini yake herufi k. Bamba la ubavuni lina 43, komeo la kufungulia 43, ila bolti ina 17. Magazini ina kitako cha alumini. Rangi ni nyeusi inayong'aa kila mahali, hadi kifyatulio na mdomo wa mtutu. Ni halisi?

Fundi_Ngamiani:
Mkuu, umeuliza maswali mawili ndani ya moja. Bastola inaweza kuwa halisi kabisa na hadithi yake ikawa ya kutunga.

Tuanze na hadithi, maana ndiyo nyepesi. Mwaka ulio juu ya chemba ni mwaka wa kutengenezwa. Bastola ya 1917 haiwezi kuokotwa Tanga 1914, basi. Wala haiwezi kuwa ilimfikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, baadaye vitani. Meli za Kijerumani zilizopenya kuleta silaha huku ni mbili: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga hapo hapo, Aprili 1915, na Marie iliyofika Sudi Machi 1916. Baada ya hapo, Novemba 1917 walijaribu kutuma puto kubwa lenye injini, zeppelin L59, likageuza njiani juu ya Sudan. Kwa hiyo P08 yenye madai ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, mwaka wake usizidi 1916. Ukiona 1917 au 1918, funga daftari.

Hiyo 1920 inazidi kuizika. Si mwaka wa matengenezo kama wauzaji wanavyopenda kusema. Ni alama iliyogongwa Ujerumani baada ya vita kuonyesha silaha ni mali ya serikali. Maana yake 1920 bastola hii ilikuwa bado Ujerumani, mikononi mwa jeshi au polisi wa huko. Imefika Tanga baadaye. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika 1925 na wengi waliingia kwenye mkonge, hiyo ni njia moja inayowezekana, ila bila karatasi usiiandike kama ukweli.

Raskazone_chuma:
Naongezea kwenye chuma chenyewe. Kabla hujagusa kitu: toa magazini, vuta goti juu na nyuma, tazama chemba kwa jicho na ingiza kidole. Kivuta ganda kikiwa kimeinuka na neno GELADEN (Kijerumani, "imejazwa") linaonekana ubavuni, kuna risasi ndani. Na usijidanganye kwamba ukishaitenganisha iko salama. P08 ikiwa na risasi kwenye chemba, sehemu ya juu peke yake, imetoka kwenye fremu, hufyatuka ukibonyeza kile kipande kirefu cha ubavu wa kushoto. Watu wameumia hivyo.

Sasa namba. Vipuri vya P08 vilipigwa tupa kwa mkono hadi vikae kwenye bastola moja, ndiyo maana kila kimoja kiligongwa tarakimu mbili za mwisho. Bolti ya 17 kwenye fremu ya 43 imetoka kwenye bastola nyingine. Huo ni upungufu wa thamani, si ughushi. Ughushi ni pale mtu anaposaga 17 na kugonga 43. Kwa hiyo nashukuru kwamba bolti yako imebaki na 17, inaonyesha hakuna aliyejaribu kuirembesha kwa namba.

Magazini ya vita vile ilikuwa na kitako cha mbao, chenye namba kamili na herufi yake. Alumini ni ya miaka ya baadaye. Si yake.

Rangi ndiyo inanitia wasiwasi. P08 ya 1917 ilitiwa rangi kwa kutushwa (kupatishwa kutu) kidogo kidogo, inatoka nyeusi yenye ubluu, haing'ai kama kiatu. Kifyatulio, kitasa cha usalama, komeo, kitufe cha magazini na kitupa ganda vilichomwa moto hadi vikawa rangi ya majani makavu. Mdomo wa mtutu uliachwa mweupe. Kama vyote ni vyeusi, imetiwa rangi upya kwa kuchovya. Hakikisha hivi: toa magazini, mulika tochi ndani ya tundu lake. Chuma kikiwa cheusi mpaka ndani kabisa, ilichovywa. Kisha laza tochi ubavuni mwa namba, tazama kwa kioo cha kukuzia. Namba isiyosagwa ina kingo kali. Iliyopitiwa na msasa kingo zake zimezama, na matundu ya pini yanakuwa na mdomo kama kisahani.

Geuza pia mtutu chini, pale unapoingia kwenye chemba. Utafute vitu vitatu: namba kamili, kipimo cha tundu kama 8,82 au 8,83, na mstari mwembamba uliokatwa ukapita mtutu na chemba kwa pamoja. Mstari ukikatika, mtutu ulibadilishwa.

Mkwakwani_T:
Nimetazama. Chini ya mtutu namba ni ile ile pamoja na k, kuna 8,83, na mstari umeungana. Ndani ya tundu la magazini ni cheusi tii. Alama za taji upande wa kulia zipo lakini kama zimeyeyuka, ya kwanza haisomeki herufi yake.

Raskazone_chuma:
Basi jibu unalo. Fremu, chemba na mtutu ni wa bastola moja, DWM halisi. Ilisagwa, ikachovywa. Tafadhali usimpe fundi "airudishie" ile rangi ya majani makavu, hapo ndipo ukarabati unapogeuka udanganyifu.

Pangani_Rd:
Ndugu, mambo mawili madogo. Ukifungua vibao vya mpini, cha kushoto hupasuka kona iliyo karibu na kitasa cha usalama ukikivuta kabla ya kuzungusha kitasa. Na kama imehifadhiwa kwenye ala yake ya ngozi, itoe leo. Ngozi kwenye hewa ya bahari yetu hunywa unyevu na chumvi, kutu huanzia pale chuma kinapoigusa. Mafuta mepesi, kitambaa cha pamba, basi. Brashi ya waya marufuku.

Fundi_Ngamiani:
Na leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na bastola. P08 inakula risasi za milimita 9 zinazouzwa mpaka leo, kwa hiyo kwa polisi ni silaha, si pambo la ukutani. Msimamizi wa mirathi aende nayo kituoni kwa utaratibu wao, na mnunuzi awe na kibali kabla haijabadilisha mkono. Namba kamili usiibandike hapa.

Kwenye orodha ya mirathi andika: P08, DWM, 1917 na alama ya 1920, mtutu na fremu namba moja, bolti na magazini si zake, imetiwa rangi upya. Karatasi ya familia iambatanishe, usiichane, ila chini yake weka kwamba mwaka wa chemba haukubaliani nayo.