Nataka kujitoa kwa sponsa ya mke wangu, ndoa imekwisha. Yawezekana?

Lori_la_Kisauni:

Assalaam aleikum wadau, wasiokuwa Waislamu habari zenu, samahani hii itakuwa ndefu kidogo. Mimi ni mtu wa Mombasa lakini niko Dallas huku Texas mwaka wa 14 sasa, naendesha lori, uraia wa Marekani nilishapata zamani. Februari 2023 nilishuka nyumbani nikaoa, harusi ilikuwa Malindi kwao bibi harusi, nikarudi nikamwombea makaratasi, nikajaza I-130, ile fomu ya kumwombea ndugu wa familia, nikasaini na ile I-864 ya kwamba nitamtunza, akafanya intaviu Nairobi na Novemba 2024 akaingia. Miezi ya kwanza tulikaa vizuri, sitasema uongo. Shida ilianza alipopata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya usiku, mimi nikitoka barabarani wiki tatu nakuta chai ya juzi kwenye thamosi na mtu hayuko, nikiuliza pesa inaenda wapi ni ugomvi, na yeye akiuliza mimi nalala wapi nikiwa njiani ni ugomvi vilevile.

Mwezi uliopita nimerudi kutoka Oklahoma nikakuta kabati tupu. Kahamia Irving kwa msichana wanayefanya naye kazi. Amechukua masanduku mawili na mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani ikawekwa kando eapoti wakaiangalia kama silaha. Nilipoona ile mbuzi haipo pale jikoni nikajua huyu harudi.

Talaka moja nimempa kwa simu, nduguye akisikia. Sasa swali langu: nataka kuandika barua niwaambie uhamiaji kwamba mimi si sponsa wake tena, wafute. Madereva wenzangu wananiambia piga simu tu watakuja wamchukue. Kuna mtu amefanya hii? Naanzia wapi?

Mchuuzi99:

Piga simu kaka. Hawa watu wakishashika kadi ya ukaazi, ile green card, mume si chochote tena. Mimi ningekuwa nishaandika barua tatu.

Karani_wa_Fomu:

Ndugu yangu wa Kisauni, kwanza pole. Usipige simu yoyote usiku huu, soma hapa. Nimesaidia watu wetu kujaza hizi fomu miaka mingi (si wakili, narudia si wakili) na hili swali huja kila mwaka, na kila mara jibu linategemea kitu kimoja tu, nacho ni kadi ishatoka au haijatoka.

Kama mtu bado yuko Mombasa anangojea viza, au yuko huku lakini kesi yake ya kadi haijaamuliwa, mwenye kuomba ana nguvu zote. Unaandika barua, jina lako, jina lake, namba ya risiti ya kesi, unasema naondoa ombi langu, unasaini, basi. Petisheni inakufa hata kama ilikuwa ishapitishwa. Na ikishakufa hukimbii nyuma kesho mkipatana ukasema nilikuwa na hasira, hapana, unaanza upya na ada mpya, I-130 sasa hivi ni dola 675 kwa karatasi au 625 ukijaza mtandaoni.

Lakini wako aliingia na viza ya mke Novemba 2024. Siku ile alipogongewa muhuri pale eapoti alikuwa mkaazi halali. Hapo I-130 imeshafanya kazi yake ikaisha, hakuna kitu cha kuondoa. Ni kama umemnunulia mtu tikiti ya basi la Malindi, amepanda, ameshuka, ameshafika kwao, halafu wewe uko stendi unataka urudishiwe nauli.

Na I-864 ndiyo mbaya zaidi kwako. Ile si barua ya tabia njema, ni mkataba kati yako na serikali ya Marekani, na talaka haiuvunji. Wala talaka ya kwa simu, wala ya kadhi, wala ya jaji wa Texas. Unakwisha yeye akiwa raia, au akifikisha robo 40 za kazi ambazo ni kama miaka 10, au akihama nchi moja kwa moja na kupoteza ukaazi wake, au mmoja wenu akifa. Mahakama ya rufaa ya kule magharibi, Ninth Circuit, ilisema mwaka 2016 kwamba hata mkataba wa kabla ya ndoa haukutoi. Wewe uko Texas, ni eneo la mahakama nyingine, lakini usiweke matumaini hapo.

Hebu angalia kadi yake kama una fotokopi. Pale kwenye Category imeandikwa nini na inaisha lini?

DadaWaMinnesota:

Mimi nitajibu kutoka upande ule mwingine maana nyuzi hizi wanaandikaga wanaume tu.

Nilikuja huku na viza ya mke kama huyo dada. Mume wangu alikuwa na maneno yake kila tukigombana, "nitaandika barua moja tu urudi kwenu". Moja tu. Nikichelewa kutoka kazini, barua. Nikituma pesa kwa mamangu, barua. Miaka karibu miwili nimeishi nikiiogopa barua ambayo kumbe haikuwa na nguvu yoyote, kadi nilikuwa nayo kwenye mkoba siku zote na sikujua. Hakuna mtu aliniambia. Siku niliyokwenda kwa mwanasheria wa bure alinisikiliza akaniuliza, sasa kadi unayo? Nikaitoa. Akaiangalia akaniambia dada huyu bwana hawezi kukufanya kitu na hiyo barua. Nililia pale ofisini mpaka wakaniletea maji.

Kaka sisemi wewe ni kama yeye. Wewe umekuja kuuliza kwanza, yeye hakuuliza. Lakini hiyo ya "piga simu watamchukua" ondoa kichwani. Kwanza hawamchukui mkaazi halali kwa sababu mumewe amekasirika. Pili ukiandika kwamba alikuoa kwa ajili ya makaratasi, kumbuka wewe ndiye uliyesaini kwamba ndoa ni ya kweli na ukapeleka picha za harusi. Ndoa ya uongo huku ni jela mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000, na sheria haisemi ni kwa mgeni peke yake.

Lori_la_Kisauni:

Asanteni. Dada wa Minnesota pole sana, mimi sijawahi kumtishia hivyo, nasema nikimwogopa Mungu. Labda mara moja. Mara mbili.

Karani nimepata fotokopi ndani ya faili la kodi. Imeandikwa CR1, inaisha Novemba 2026. Maana yake?

Na kuna kitu sikusema mwanzo. Ana mtoto wa kiume wa miaka 10, si wangu, babake alifariki. Yuko Malindi na nyanya yake. Tulipoenda intaviu ya mama tulifikiri mtoto anaingia kwenye faili la mamake, wakatuambia hapana, mke wa raia hafuatwi na mtoto kwenye petisheni moja, kila mtu na yake. Nikamjazia I-130 yake peke yake kama mtoto wa kambo. Imepitishwa, iko NVC, kile kituo cha viza kinachokusanya ada na makaratasi kabla ya intaviu. Nayo hiyo pia siwezi kuiondoa?

Karani_wa_Fomu:

CR1 ni kadi ya masharti. Siku aliyoingia ndoa yenu ilikuwa haijafikisha miaka miwili, ndiyo maana wakampa kadi ya miaka miwili badala ya kumi. Zile siku 90 za mwisho kabla haijaisha, yaani kuanzia Agosti, mnatakiwa mjaze pamoja I-751 ya kuondoa masharti. Hapo kuna saini yako, na hakuna wa kukulazimisha uiweke. Lakini usidhani hiyo ndiyo silaha uliyokuwa unaitafuta, maana sheria inamruhusu kujaza peke yake akionyesha ndoa ilikuwa ya kweli na imekwisha kwa talaka, au alipigwa na kuteswa, au kurudishwa kutamletea taabu kubwa kupita kiasi. Na akienda peke yake hahitaji kungojea Agosti, anajaza wakati wowote.

Ila "imekwisha kwa talaka" ni karatasi ya mahakama. Hiyo talaka yako ya kwa simu mbele ya shemeji, kidini sitaingilia, waulize masheikh, lakini kwa uhamiaji bado wewe ni mume wa mtu. Nyote mnaishi Texas, fungueni kesi hapo hapo. Mmoja wenu awe ameishi Texas miezi 6 na siku 90 kwenye kaunti, na kawaida jaji hasaini mpaka siku 60 zipite tangu kesi ifunguliwe. Kama hamna watoto wenu na nyumba ni ya kupanga wala si kazi kubwa.

Mtoto, ndiyo. Ile ya mtoto unaweza kuiondoa. Hajapata viza, hajaingia. Kwenye hii hadithi yako yote huyo mtoto ndiye mtu pekee ambaye barua yako ina nguvu juu yake.

DadaWaMinnesota:

Nilijua inakuja. Nimesoma "ana mtoto wa kiume wa miaka 10" nikaweka simu chini kwanza.

Mbeya_to_Manchester:

Mimi niko Uingereza sheria zetu tofauti kabisa, huku mke akiwa bado kwenye viza ya mwenza unawaandikia Home Office ndoa imevunjika na wanaweza kumkatia muda wake, kwa hiyo kaka usichukue ushauri wa watu wa huku ukaupeleka huko. Lakini swali kwa Karani, hii I-864 inamaanisha jamaa atamlipa huyu mama kila mwezi mpaka lini? Mbona inatisha hivyo?

Karani_wa_Fomu:

Inatisha kwenye karatasi kuliko mfukoni. Ahadi ni kwamba asishuke chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kwa mtu mmoja mwaka 2025 ni kama dola 19,560 kwa mwaka. Anachopata mwenyewe kazini kinahesabiwa. Mtu wa shifti ya usiku kwa wazee, wiki nzima, anavuka hapo bila shida. Kwa hiyo leo Kisauni hadaiwi hata senti. Siku mama akiugua, akaacha kazi, akachukua misaada fulani ya serikali, hapo ndipo wanaweza kukutafuta, yeye au serikali. Ndiyo maana usimwombee mabaya kazini kwake, kila robo anayofanya kazi inakupunguzia mzigo wewe. Na ukihama nyumba una siku 30 za kuwajulisha kwa I-865, watu wengi hawajui hii.

Turudi kwa kijana. Sikupangii la kufanya, maana upande wako pia nauona, akiingia itabidi usaini I-864 nyingine kwa ajili yake, mtoto wa mtu ambaye mmeachana. Halafu mkiachana rasmi kabla hajapata viza wataanza kuuliza kama bado wewe ni babake wa kambo kweli, mnaongea, unamtumia chochote, au ni jina tu kwenye fomu. Ukiiondoa, mama anaweza kumwombea mwenyewe kwa kadi yake hiyo hiyo ya masharti, lakini hapo mtoto anaingia kwenye foleni ya F2A ya watoto wa wakaazi. Kwako hakuna foleni, kwa mamake ipo. Tofauti yenyewe ni hiyo. Humzuii kuja, unamchelewesha.

Mchuuzi99:

Sasa mnataka alee mtoto wa mwanamke aliyemkimbia. Sawa.

DadaWaMinnesota:

Mchuuzi wewe ulisema barua tatu. Tatu kwa nani, maana mama hazimfikii.

Lori_la_Kisauni:

Nimechelewa kujibu nilikuwa njiani.

Niseme ukweli, barua ya kijana nilishaiandika kabla sijaja hapa. Ya mama na ya mtoto, zote mbili usiku mmoja. Ya mama nimeichana baada ya kusoma mliyoandika. Ya mtoto iko kwenye deshibodi ya lori hapa chini ya miwani.

Jana kijana amenipigia. Ananipigiaga Ijumaa baada ya swala kwa simu ya nyanya yake, tangu zamani, hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Ananiuliza lori lina magurudumu mangapi, nimeshamwambia 18 mara mia lakini anauliza tena, halafu anahesabu kwenye picha niliyomtumia anasema anaona 10 tu. Nikamwambia mengine yako upande wa pili. Akasema sawa baba lori, akakata, vocha ilikuwa imekwisha.

Kesi yake itafika wapi sijui. Karani, nikiwa sijatuma kitu chochote, si barua wala I-864 yake, kesi inakaa tu pale pale?

Karani_wa_Fomu:

Inakaa, lakini haikai milele. NVC wakishakuambia mlipe ada na mlete makaratasi, ukinyamaza mwaka mzima bila kuwasiliana nao hata mara moja wanaweza kuifunga. Ukiingia kwenye akaunti ya kesi ukatuma hata ujumbe mmoja wa kuuliza, mwaka unaanza kuhesabiwa upya. Mara ya mwisho umewasiliana nao lini?

Lori_la_Kisauni:

Septemba. Mama ndiye aliyekuwa na paswedi.

Karani_wa_Fomu:

Basi mpigie mama umwombe paswedi.

Lori_la_Kisauni:

Hapokei simu zangu. Nitamtumia nduguye.

Napakia El Paso kesho alfajiri, nikirudi nitawaambia.