Naomba ushauri: mdhamini mwenza kwenye viza ya mke, Marekani

Habari zenu wakuu. Kipato cha mume anayemwombea mkewe viza hakifiki 125% ya kiwango cha umaskini cha Marekani, kwa hiyo rafiki, raia wa Marekani anayeishi hukohuko, amekubali kuwa mdhamini mwenza. Mume bado anajaza I-864 yake (fomu ya kuahidi kumtunza mhamiaji kifedha). Hilo halikwepeki, hata kama kipato chake ni sifuri. Vipato vya hao wawili havijumlishwi: mdhamini mwenza lazima afikie kiwango peke yake.

Kinachonitatiza ni hesabu ya kaya. Rafiki huyo, mkewe, watoto wao wawili na mgeni anayemdhamini ni watu 5, wala si 4. Kodi rafiki na mkewe wamelipa kwa ritani moja (fomu ya mapato ya mwaka), na jumla inayoonekana pale ni ya wote wawili. Kipato chake pekee kinavuka kiwango cha watu 5, ila kwa kiasi kidogo mno.

Je, tuambatanishe W-2 zake (taarifa za mshahara kutoka kwa mwajiri) kuonyesha fungu lake, au mkewe asaini I-864A kabisa (ahadi ya mwanakaya kuunganisha kipato chake na cha mdhamini)? Nahofia kumfunga mama wa watu: dhamana hii haivunjwi hata na talaka. Mliopitia Nairobi au Dar, afisa aliridhika na kipi?